Faiba ya barabarani au antena ya kuvuka ziwa?

"Mtaalamu, shikamoo. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 9 na duka dogo la steshenari upande wa Sengerema, si mbali na kivuko cha Kamanga. Nyumba inatazama ziwa, na jiji la Mwanza naliona ng'ambo. Kwa sasa natumia bando za simu na wateja wanalalamika, hasa jioni, na hasa ule msimu wa wanafunzi kuomba mikopo. Kuna kampuni ya faiba ambayo waya wao unaishia barabarani, kama kilomita 1.4 kutoka kwangu. Wanataka nichangie nguzo. Kuna fundi mwingine anasema atanifungia antena juu ya paa itazame mnara ulio mlimani kule mjini, kilomita 8 juu ya maji, na ndani ya siku mbili nina intaneti. Watu wananichanganya. Mmoja anasema faiba ina kasi kwa sababu mwanga unakimbia kuliko mawimbi ya redio. Mwingine anasema antena mvua ikinyesha imekwisha, kama king'amuzi. Mwingine anasema faiba huleta radi ndani ya nyumba. Pesa yenyewe ni ya kuungaunga, siwezi kukosea mara mbili. Nichague ipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na naona kinachokunyima usingizi ni kulipa pesa hiyo uliyoikusanya kwa shida, halafu saa tatu usiku mgeni anakugongea mlango akisema mtandao hakuna, na wewe hujui umpigie nani. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu kila aliyekushauri ameshika kipande cha ukweli. Na nikutahadharishe mapema: ninachokushauri mwishoni hakimo katika yale mawili uliyoletewa.

Nianze na huyo wa mwanga na redio. Mwanga na mawimbi ya redio ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili, vikiwa hewani, hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mwanga ukiingia ndani ya kioo cha faiba hupunguza mwendo, hubaki na kama kilomita 200,000. Kwa hiyo ujumbe uliorushwa hewani kutoka mlimani ng'ambo utakufikia kabla ya ule uliopita ndani ya kioo cha urefu huohuo. Kwa kilomita 8 tofauti ni kama sehemu 13 za milioni moja ya sekunde. Hakuna mgeni wako atakayeihisi. Ninachotaka ukishike ni kwamba neno "kasi" linatumika hapa kwa mambo mawili. Kuna muda ambao ujumbe hutumia njiani, na kuna wingi wa ujumbe unaoweza kupita kwa sekunde moja. Faiba inashinda kwa hilo la pili, na sababu yake unaweza kuiona ukiwa umekaa barazani kwako.

Subiri usiku wa giza, utazame ziwani. Zile taa za wavuvi wa dagaa zinazofanana na mji ulioelea, chagua moja. Mwanga wake unamwagika pande zote, na unaokufikia wewe ni chembe tu. Mtumbwi ukienda mbali mara mbili, mwanga unaokufikia unakuwa robo. Sasa chukulia umeelewana na mvuvi mmoja akutumie habari kwa kuifunika taa kwa sinia na kuifunua. Akiwa karibu na ziwa ni jeusi, anaweza kufunika na kufunua harakaharaka na wewe ukasoma kila kitu. Mitumbwi mingine hamsini ikija kusimama nyuma yake, unaanza kukosea, na unamwomba apunguze mwendo. Kisha mbalamwezi inatoka. Wavuvi hawahitaji mhandisi awaeleze kinachotokea hapo: mwezi ukiwa mkubwa wanabaki nyumbani, kwa sababu taa haivuti dagaa tena. Taa haijafifia hata kidogo, ila ziwa lote limekuwa jeupe na yenyewe haionekani tofauti.

Hivyo ndivyo antena inavyofanya kazi. Wingi wa data inayoweza kupita unategemea mambo mawili: upana wa masafa uliyopewa, na namna ishara yako inavyojitokeza juu ya kelele iliyoizunguka. Mmarekani Claude Shannon aliiandika hesabu hiyo mwaka 1948, na mpaka leo hakuna aliyeikwepa. Fundi wako karibu hakika atatumia masafa ya gigahezi 5, yaani mawimbi yanayotikisika mara bilioni tano kwa sekunde, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyatumia bila kuyalipia. Na kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa, milima ya jiji kama Isamilo na Bugando ni ziwa lenye taa nyingi. Antena yako inaweza kufanya vizuri mwaka huu, mwakani jirani wa mnara akafunga yake kwenye masafa hayohayo, na spidi yako ikashuka bila mtu yeyote kukukosea.

Sasa ichukue taa ileile uiingize ndani ya bomba. Faiba ni uzi wa kioo ambao moyo wake, pale mwanga unapopita, una unene wa mikromita 9 hivi, mwembamba kuliko unywele wako. Kioo cha moyo huo na kile kinachouzunguka vimetofautishwa kidogo, na mwanga ukigonga mpaka wake kwa pembe ya chini unarudishwa ndani. Haumwagiki. Baada ya kilomita 15 bado una nusu ya nguvu yake. Linganisha na wimbi la gigahezi 5.8 linalorushwa na kupokewa kwa antena zisizolenga popote: baada ya kilomita moja tu, kinachopokewa ni sehemu moja kati ya bilioni 60 hivi. Dishi za pande zote mbili zinarudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa kulenga, ndiyo maana kazi inafanyika, lakini kamwe hazifikii bomba. Na ndani ya bomba lako hakuna mbalamwezi wala taa ya jirani.

Kioo hiki hakikupatikana kirahisi. Tazama kioo cha dirisha kwa ubavu, utaona rangi ya kijani; huo ni uchafu wa chuma, na unameza mwanga kiasi kwamba kioo hicho kingekuwa kinene mita chache tu usingeona kitu upande wa pili. Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alieleza mwaka 1966 kwamba kosa halikuwa la kioo chenyewe bali la uchafu uliomo, na kwamba kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano. Miaka minne baadaye kilipatikana kioo cha namna hiyo Marekani, na mwaka 2009 Kao alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka huohuo wa 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ya kwenda nje ilikuwa ya satelaiti, na waliokuwa wakilipia intaneti kafe kwa dakika wanakumbuka ukurasa mmoja ulivyokuwa ukifunguka.

Lakini usiache mtu akuuzie faiba kama kitu chako peke yako. Faiba nyingi za majumbani zinagawanywa: uzi mmoja unatoka kituoni ukiwa na gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushuka na nusu ya hizo za kupanda, halafu unagawanywa kwa wateja 32 au hata 64. Hicho ni kiasi kikubwa na mara nyingi hutaona shida, ila ni cha kugawana. Pia, unaposomewa kifurushi cha "20", hizo ni megabiti. Faili la video kwenye simu linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 20 hiyo inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde. Wateja wako wa steshenari wakilalamika kwamba "tunalipia ishirini tunapata mbili", huenda hakuna aliyewaibia.

Mvua sasa. Rafiki yako ameona dishi la king'amuzi likipoteza picha kila wingu zito linapopita, akafikiri antena zote ni sawa. Dishi hilo hupokea mawimbi ya gigahezi 12 hivi, na kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo matone ya mvua yanavyoyameza. Kwenye gigahezi 5 mvua kubwa ya kwetu inapunguza kidogo tu, na dishi zilizolengwa vizuri hazitambui. Kwenye gigahezi 60, ambazo nazo siku hizi zinauzwa kwa maneno matamu kwa sababu zina nafasi pana na hazina msongamano, mvua hiyohiyo inaua kiungo, yaani mawasiliano kati ya antena mbili, ndani ya kilomita moja au mbili. Mtu akikuletea kifaa cha gigahezi 60 kuvuka kilomita 8 za ziwa, mkatalie bila kumwonea aibu. Nikiri pia kwamba nimeitwa mara nyingi kwa malalamiko ya "mvua imeua mtandao", na mara nyingi kinachokuwa kimetokea ni umeme kukatika kule mnarani, au maji kuingia kwenye kichwa cha kebo ambacho fundi hakukifunga vizuri kwa utepe. Ukifungua kichwa hicho unakuta pini zimeota kutu ya kijani.

Radi naichukulia kwa uzito, kwa sababu mvua za radi za usiku juu ya Ziwa Victoria ni kali, na wavuvi wetu wanazilipia kwa roho zao. Kioo hakipitishi umeme. Uzi wa faiba wenyewe hauwezi kukuletea radi. Ila waya mwingi unaotundikwa kwenye nguzo una kamba ya chuma ubavuni ya kuubeba, na chuma kinapitisha. Fundi mzuri huikata kamba hiyo na kuifunga nje ukutani, ndani ukaingia uzi mtupu. Ukiona ameipitisha mpaka kwenye kifaa, mrudishe. Hatari kubwa zaidi iko kwenye antena: ni bomba la chuma juu ya paa, lenye kebo ya shaba inayoshuka moja kwa moja hadi kwenye ruta, pengine sentimita thelathini kutoka kwenye kichwa cha mtu aliyelala. Antena ya namna hiyo lazima iwe na waya mnene unaoshuka kwa nje ya nyumba hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, pamoja na kifaa cha kuzuia msukumo wa umeme pale kebo inapoingia. Kwenye miamba yetu fimbo haizami, kwa hiyo fundi atatafuta penye udongo, hata kama ni upande wa pili wa uwanja. Akikwambia "hapa ni mwamba, tuache tu", huyo humhitaji.

Nimefika kwenye jambo ambalo hakuna aliyekutajia, na kwangu ndilo zito kuliko yote: hizo kilomita 8 ni za maji. Nchi kavu ina miti, mawe na nyumba, na wimbi linaloigonga hutawanyika. Ziwa ni kioo. Kwa pembe ya chini kiasi hicho, hata ziwa lenye mawimbi ya sentimita 30 bado linarudisha wimbi la redio kama kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo antena yako itapokea mawimbi mawili: moja lililokuja moja kwa moja, na jingine lililodunda majini. La pili limetembea zaidi kidogo. Yakifika yote mawili yakiwa yamepanda pamoja, yanasaidiana; moja likifika limepanda na jingine limeshuka, yanauana.

Tufanye hesabu ya kwako. Tuseme antena yako iko mita 6 juu ya maji na ile ya ng'ambo mita 100 juu ya maji. Wimbi litadunda kama mita 450 kutoka ufukweni kwako, na litatembea sentimita 15 zaidi ya lile lililonyooka. Wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 5.2. Ziwa likipanda mita moja, ile sentimita 15 inakuwa 12.4. Imepungua sentimita 2.6, yaani nusu ya wimbi kamili, na nusu ya wimbi ndiyo tofauti kati ya kusaidiana na kuuana. Hakuna aliyegusa antena wala aliyejenga ghorofa katikati. Maji tu yamepanda.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilijifunza kwa pesa ya mtu mwingine. Mwishoni mwa 2019 nilifunga kiungo kuvuka ghuba kwa ofisi moja ya ufukweni. Kilifanya kazi vizuri kabisa. Kufikia Aprili 2020 kilikuwa kinakatika ovyo, kisha kikafa. Nilibadilisha redio, nikabadilisha kebo, nikapandisha mlingoti juu. Mwenye ofisi alikuwa mpole, lakini niliona anavyohesabu. Siku ya tatu nimekaa kwenye jiwe pale mwaloni, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaniambia nimekaa mahali ambapo mwaka jana kulikuwa na kijia cha kupita punda, na jiwe lao la kuanikia dagaa sasa liko majini. Akanionyesha kivuli chake chini ya maji. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja. Nilirudi juu ya paa na, badala ya kupandisha, nikaishusha antena kidogo kidogo huku kijana mmoja akinisomea kwenye simu namba za nguvu ya ishara, ambazo kadiri hasi inavyopungua ndivyo ishara ilivyo nzuri. Hasi 81. Hasi 79. Hasi 70. Karibu mita moja na nusu chini ya pale ilipokuwa mwanzo, ikakaa hasi 58, na ofisi ikarudi hewani jioni ileile. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena. Nilimpigia mwenye ofisi simu kabla hajanipigia yeye.

Kwa hiyo kama utavuka ziwa, mwambie fundi asikimbilie ukingo wa paa unaotazama maji. Mara nyingi mahali pazuri ni nyuma kidogo, ambapo unaona mlima wa ng'ambo lakini ukingo wa ardhi yako, au jiwe, au paa la jirani, linakuficha yale maji ya karibu ambako wimbi lingedunda. Ukisimama pale ukauona mnara bila kuyaona maji ya mita 450 za kwanza, umepata mahali. Na mlingoti uwe wa kushusha na kupandisha, usichomelewe.

Niseme na ya faiba, maana isije ikaonekana haina kasoro. Faiba hukatwa. Tingatinga la barabara, mtaro wa bomba la maji, lori lililopakia kupita kiasi, moto wa kuchoma nyasi chini ya nguzo, na mtu anayedhani ndani kuna shaba ya kuuza. Kuiunganisha tena siyo kusokota nyaya. Fundi anavua ganda la plastiki, anasafisha uzi kwa spiriti, anaukata kwa kisu maalumu mpaka ncha iwe bapa kabisa, kisha mashine inazilenga ncha mbili na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme zikawa kioo kimoja. Inachukua dakika chache kwa uzi mmoja. Kinachochukua siku ni mafundi kufika. Wakifika, usiwaruhusu watoto kusogea: vipande vya kioo vinavyodondoka vinaingia mguuni na havionekani, na mwanga uliomo ndani ya uzi hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza. Usichungulie kamwe.

Na kukatika kwa mbali kunawagusa wote. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini upande wa kusini, na karibu nchi nzima ikayumba, wenye faiba na wenye antena pamoja. Mnara anaokuonyesha fundi wako nao umeungwa na waya mkuu kama Mkongo wa Taifa, ule mtandao mkuu wa faiba wa nchi, kwa faiba au kwa redio nyingine inayoishia kwenye faiba. Waya na hewa hupokezana njiani. Swali la maana kwako ni wapi katika safari hiyo utoke kwenye kioo uingie hewani, na hapo ndipo penye ushauri wangu.

Kampuni ya faiba iko barabarani, kilomita 1.4. Waombe wakuungie palepale barabarani, kwenye duka au nyumba ya mtu unayemwamini mwenye umeme, kwa mkataba wa jina lako. Kisha hizo kilomita 1.4 zivuke kwa antena mbili ndogo za gigahezi 5, juu ya nchi kavu. Ishara ya kilomita 1.4 inakufikia na nguvu mara 33 hivi ya ile ya kilomita 8 kwa vifaa vilevile. Unaiacha kelele ya milima ya jiji, unaacha kioo cha ziwa. Unachopaswa kuhakikisha ni kwamba antena zinaonana, na katikati ya njia pasiwe na kitu ndani ya mita 3 hivi kuzunguka mstari huo, kwa sababu wimbi linahitaji nafasi pembeni yake. Adui wako hapo ni mwembe. Majani mabichi yenye maji yanameza gigahezi 5 vibaya sana, na mwembe unaokua unaiba kidogo kila mwaka.

Njia hii nayo ina bei yake, na sitakuficha. Utakuwa na sehemu mbili za kulisha umeme badala ya moja, kwa hiyo pale barabarani weka betri. Utahitaji mwenyeji mwaminifu, na umpe kitu, hata kama ni intaneti ya matumizi yake; ila kuuza intaneti kwa majirani ni biashara yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usiingie huko kimyakimya. Soma mkataba kama kampuni inakuruhusu kuipeleka huduma kwenye jengo jingine, na nunua vifaa vilivyoidhinishwa. Matumizi yako hayatishi: vyumba 9 vikitazama video kwa pamoja, pamoja na kompyuta za steshenari, megabiti 50 zinakutosha, na antena za kilomita 1.4 zinabeba hizo bila kutoka jasho.

Wakati huohuo endelea na mazungumzo ya nguzo. Kama kuna shule, zahanati au kiwanda cha samaki njiani, gharama hiyo haikupasi peke yako. Nenda na barua yenye majina matano badala ya moja. Siku nguzo zikifika, ingia faiba moja kwa moja na zile antena zikae kama akiba. Kama kampuni itakataa kukuungia barabarani na nguzo zinakushinda bei, hapo ndipo ukubali kuvuka ziwa, kwa masharti niliyokueleza, na kwa makubaliano kwamba fundi atarudi kukipima kiungo upya baada ya masika bila malipo ya ziada. Akikataa sharti hilo, ana sababu.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kupanda kwenye mlingoti, kuzika fimbo ya radi, na kupitisha kitu chochote karibu na nyaya za TANESCO, hizo ni kazi za mtu mwenye vifaa na mafunzo, aje aone kwa macho. Vivyo hivyo taa nyekundu iliyoandikwa LOS ikiwaka kwenye kifaa cha faiba: maana yake mwanga haufiki. Angalia tu kama waya haujakunjwa nyuma ya meza au kubanwa na mlango, kisha wapigie kampuni; usiuchomoe wala kuupuliza.

Kabla hujalipa senti, fanya kazi ya siku moja. Panda kwenye paa lako na mtu mwingine asimame juu ya paa la huyo mwenyeji wa barabarani na kioo kidogo cha kujitazamia, akupige mwanga wa jua. Ukiuona ukimeta bila kukatizwa na tawi, njia ipo. Pima pia kimo cha paa lako kutoka majini kwa kamba, endapo itabidi kuvuka ziwa. Nitumie majibu hayo mawili, pamoja na bei waliyokutajia ya kila nguzo, nami nitakuandikia aina ya antena na kimo cha kuifunga.